Arthur Conan Doyle: Daktari Aliyeshindwa Kumuua Mhusika Wake

Mtahiniwa, katika diwani ya hadithi fupi unayoisoma darasani, kila hadithi ina wahusika wake. Ukiimaliza moja, wahusika hao unawaacha na kuanza upya na wengine. Sasa fikiria jarida linalotoka mara moja kwa mwezi. Kila toleo lina hadithi mpya yenye mwanzo, kati na mwisho, lakini mpelelezi ni yuleyule, rafiki yake ni yuleyule na chumba wanachokaa ni kilekile. Ukikosa toleo moja hupotezi chochote. Ukilipata, unataka la mwezi ujao pia. Mtu aliyeupa mpango huo nguvu ni Arthur Conan Doyle, muundaji wa Sherlock Holmes. Unaposoma wasifu wake, angalia mara kwa mara nani alikuwa bwana na nani mtumwa kati ya mwandishi na mhusika, kwa maana hilo ndilo lililomsumbua maishani.

Doyle alizaliwa tarehe 22 Mei 1859 mjini Edinburgh, Scotland, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Baba yake, Charles, alikuwa mchoraji aliyeajiriwa katika ofisi ya serikali. Mshahara ulikuwa mdogo na pombe ikaupunguza zaidi, hata mwisho wake baba huyo akaishi katika hospitali za wagonjwa wa akili. Aliyeishika nyumba ni mama, Mary. Mama huyu alikuwa msimulizi hodari. Alipofika mahali pa kutisha katika hadithi aliishusha sauti ikawa mnong'ono, na watoto wakasogea karibu. Wewe umefundishwa neno taharuki darasani. Doyle aliipata jikoni kwa mama yake kabla hajajua kwamba ina jina.

Kwa msaada wa jamaa wenye uwezo, alisomeshwa katika shule ya bweni ya Wajesuiti ya Stonyhurst, Uingereza. Mwaka 1876 akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari. Huko alikutana na mwalimu ambaye jina lake linafaa kukumbukwa: Dkt. Joseph Bell, daktari wa upasuaji. Bell alikuwa na mazoea ya kumtazama mgonjwa na kumweleza kazi yake na mahali alikotoka kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Siku moja aliingia mwanamume ambaye Bell alimtambua papo hapo kuwa mwanajeshi wa kikosi cha Scotland aliyeacha kazi hivi karibuni, na kwamba alikuwa Barbados. Wanafunzi walishangaa. Bell akawafafanulia. Mtu yule alikuwa na adabu lakini hakuvua kofia, na jeshini kofia haivuliwi. Kama angekuwa uraiani kwa muda mrefu, angekwisha kujifunza desturi za raia. Tena ugonjwa wake ulikuwa matende, ambao hakuupata katika baridi ya Scotland bali katika visiwa vya West Indies. Doyle alikuwa karani wa Bell katika wodi hiyo, kwa hivyo aliyashuhudia mambo haya kwa karibu. Miaka kadhaa baadaye, alipohitaji mpelelezi, alichukua macho ya mwalimu wake akayatia katika mwili mwingine.

Alianza kuandika akiwa bado mwanafunzi. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa ilitoka Septemba 1879 katika jarida moja la Edinburgh. Aliiweka Afrika Kusini, nchi ambayo hakuwa ameiona. Mwaka 1880 aliacha masomo kwa miezi kadhaa akawa daktari katika meli ya kuvua nyangumi kwenye bahari ya barafu. Baada ya kuhitimu mwaka 1881, alisafiri kwa meli ya abiria na mizigo hadi pwani ya Afrika Magharibi, ambako homa nusura imuue. Aliporudi alifungua zahanati Southsea, katika mji wa bandari wa Portsmouth, akiwa na chini ya pauni 10 mfukoni.

Wagonjwa walikuja mmoja mmoja. Katika saa za kungoja, daktari kijana aliandika. Jambo moja lilimkera. Majarida mengi ya wakati huo yalichapisha hadithi bila jina la mwandishi. Mwaka 1884 jarida la Cornhill lilimlipa takriban pauni 30 kwa hadithi moja, na mhakiki mmoja akaisifu akidhani imeandikwa na Robert Louis Stevenson. Kwa mtu anayetafuta jina, sifa ya namna hiyo ni sawa na kula kwa macho. Akaamua kwamba njia ya kutoka gizani ni kuandika kitabu chenye jina lake juu ya jalada.

Kitabu hicho kilikuwa A Study in Scarlet, alichokiandika mwaka 1886, mwaka mmoja baada ya kumuoa Louisa Hawkins. Wachapishaji kadhaa walikikataa. Hatimaye kampuni moja ilikubali kukinunua kwa pauni 25, haki zote zikiwa mali yake, nayo ikakitoa mwishoni mwa 1887 ndani ya toleo la Krismasi la jarida lake la kila mwaka. Doyle hakupata hata senti moja zaidi kwa kitabu hicho. Ndani yake ndimo Sherlock Holmes na Dkt. Watson walimokutana kwa mara ya kwanza. Kitabu hakikuvuma sana. Cha pili, The Sign of Four, kiliagizwa na jarida la Kimarekani kikatoka mwaka 1890, nacho pia hakikumtajirisha.

Basi hapa ndipo pa kusoma polepole, kwa sababu maisha yake yaligeuka katika miezi michache ya mwaka 1891.

Mapema mwaka huo Doyle alikwenda Vienna kujifunza zaidi magonjwa ya macho, kisha akakodi chumba London kama daktari wa macho. Kila asubuhi alikwenda kwa miguu hadi chumba chake, akaketi, akangoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kupita mlangoni. Wakati huohuo, Januari 1891, mchapishaji aitwaye George Newnes alikuwa ameanzisha The Strand Magazine. Jarida hili liliuzwa kwa peni sita, nusu ya bei ya mengi yaliyofanana nalo, na lilijaa picha. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilikuwa imeongeza shule nchini Uingereza, na watoto wa sheria hiyo sasa walikuwa watu wazima wenye kazi, wakipanda treni asubuhi na jioni. Walitaka kitu cha kusoma kinachoanza na kwisha ndani ya safari.

Doyle aliona kasoro katika majarida mengine. Yalichapisha riwaya kwa mfululizo, sehemu kwa sehemu. Msomaji aliyekosa sehemu moja alipoteza uzi, na akiupoteza hana sababu ya kununua toleo lijalo. Hadithi zisizohusiana nazo hazikumfunga msomaji kwa jarida lolote. Suluhisho lake lilikuwa katikati: mhusika mmoja anayerudi, na kila hadithi kujitosheleza. Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa amechapisha katika jarida la Philadelphia hadithi ya mpelelezi aitwaye Dupin, na Doyle alimheshimu sana Poe. Lakini Dupin alitokea katika hadithi tatu tu, zilizoachana kwa muda. Doyle alitaka kuja kila mwezi.

Alituma hadithi mbili. Mhariri wa Strand, Herbert Greenhough Smith, alizitambua mara moja. Ya kwanza, A Scandal in Bohemia, ilitoka Julai 1891 ikiwa na michoro ya Sidney Paget, na ni Paget huyo aliyetupa sura ya Holmes: mrefu, mwembamba, mwenye pua ya mwewe. Kabla ya toleo hilo kutoka, Doyle alishikwa na mafua makali yaliyokaribia kumtoa roho. Alipopata nafuu alipiga hesabu za chumba kile kisicho na wagonjwa, akaamua kuacha udaktari na kula kwa kalamu.

Je, hadithi hizi zilikuwa na nini? Tuchukue The Speckled Band, iliyotoka Februari 1892, ambayo Doyle mwenyewe aliiweka ya kwanza alipotaja hadithi zake bora miaka mingi baadaye. Binti anakuja alfajiri akitetemeka kwa hofu. Dada yake alikufa chumbani, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, siku chache kabla ya harusi. Sasa yeye mwenyewe anakaribia kuolewa, na baba yao wa kambo amemhamishia katika chumba kilekile. Holmes anakikagua chumba. Kitanda kimefungwa sakafuni kwa misumari, hakisogei. Kamba ya kengele inaning'inia juu ya mto, lakini haikufungwa kwenye kengele yoyote. Kuna tundu la hewa ukutani ambalo haliendi nje bali chumba cha baba wa kambo. Katika chumba hicho kuna kisahani cha maziwa, na nyumba haina paka.

Unaona alivyofanya? Hakukuficha kitu. Vidokezo vyote vimewekwa mezani mbele yako kama karata zilizofunuliwa, na bado huoni mchezo mpaka usiku ule nyoka anapoteremka kwenye kamba. Hiyo ndiyo haki ambayo msomaji wa hadithi za upelelezi anaidai. Mwandishi anayeleta muuaji kutoka nje katika ukurasa wa mwisho amekudanganya. (Mwanafunzi aliyekulia shambani atapinga kwamba nyoka hafugwi kwa maziwa wala haitiki mluzi. Ana haki. Doyle alikosea, na ubora wa hadithi haukupungua sana.)

Mbinu ya pili ni Watson. Hadithi karibu zote husimuliwa naye kwa nafsi ya kwanza. Kama Holmes angesimulia mwenyewe, fumbo lingefumbuliwa katika aya ya tatu, kwa kuwa yeye hujua mapema. Watson huona kila kitu anachokiona Holmes lakini haelewi, na kutoelewa kwake ndiko kunakokuweka wewe katika taharuki. Ukiulizwa kuhusu umuhimu wa msimulizi, kumbuka kwamba msimulizi asiyejua yote anaweza kuwa na manufaa kuliko anayejua.

Malipo yalipanda haraka. Kwa kundi la pili la hadithi sita alidai pauni 50 kwa kila moja, akitumaini kukataliwa. Hakukataliwa. Kwa hadithi 12 zilizofuata alidai pauni 1,000, akapewa. Mbona mtu atumaini kukataliwa? Kwa sababu Doyle aliziona hadithi hizi kama vibarua. Alijiona mwandishi wa riwaya za kihistoria, na riwaya yake kuhusu mashujaa wa karne ya 14 ndiyo aliyoionea fahari. Kila Holmes mmoja ulihitaji fumbo zima, na fumbo likishatumika halitumiki tena. Tayari mwishoni mwa 1891 alimwandikia mama yake kwamba anafikiria kumuua mpelelezi. Mama alikataa katakata, na akampa wazo la hadithi nyingine.

Mwaka 1893 ulikuwa mzito. Mkewe aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Baba yake alifia hospitalini mwezi Oktoba. Mwaka huohuo, katika safari ya Uswisi, Doyle aliyaona maporomoko ya maji ya Reichenbach akaona ni kaburi linalofaa. Desemba 1893 Strand ilichapisha hadithi ambamo Holmes na adui yake, Profesa Moriarty, wanatumbukia humo. Hasira ya wasomaji ilikuwa kubwa. Maelfu waliacha kununua jarida. Mwanamke mmoja alimwandikia mwandishi barua iliyoanza kwa tusi. Doyle alistaajabu kwamba watu wangemlilia hivyo mtu ambaye hakuwahi kuishi, ilhali nyumbani kwake kulikuwa na mgonjwa halisi.

Alishikilia msimamo kwa takriban miaka minane. Katika muda huo alikwenda Afrika Kusini kama daktari wa kujitolea katika vita vya Waingereza na Makaburu, akahudumu Bloemfontein mwaka 1900 wakati homa ya matumbo ilipokuwa ikiua askari wengi. Baadaye aliandika kijitabu cha kuitetea Uingereza katika vita hivyo, na mwaka 1902 akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1901 alimrudisha Holmes katika The Hound of the Baskervilles, lakini kwa ujanja: matukio ya riwaya yalitokea kabla ya kifo, kwa hivyo marehemu akabaki marehemu. Ujanja huo haukuwatosheleza wasomaji. Mwaka 1903 jarida la Collier's la Marekani liliweka mezani fedha ambazo hakuna mwandishi wa hadithi fupi angezikataa, naye Holmes akatokea akiwa hai, hakuwa ametumbukia. Jumla ya hadithi fupi za Holmes zilifika 56 pamoja na riwaya nne, na ya mwisho ilitoka mwaka 1927.

Watu walianza kumletea Doyle kesi zao za kweli. Nyingi alizikataa. Moja hakuikataa, nayo inaonyesha upande wake ulio bora kuliko zote.

George Edalji alikuwa wakili kijana, mwana wa kasisi wa Kianglikana aliyetoka Bombay na mama Mwingereza, akiishi kijiji cha Great Wyrley. Kwa miaka mingi familia ilitumiwa barua za matusi. Mwaka 1903 wanyama kijijini walikatwakatwa matumbo usiku, na polisi wakamkamata Edalji. Alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Baada ya miaka mitatu aliachiliwa bila maelezo na bila kusafishwa jina, hivyo hakuweza kurudi kazini. Doyle alipanga kukutana naye katika hoteli moja London. Alipofika, Edalji alikuwa akisoma gazeti huku amelisogeza karibu kabisa na uso, tena kwa upande. Daktari wa macho asiyepata mgonjwa alijua papo hapo. Mtu huyu haoni mbali. Angewezaje kuvuka mashamba, nyua na reli katika usiku wa giza na mvua, amkate farasi, kisha arudi?

Doyle aliacha kazi zake. Alienda kijijini, akapima umbali, akachunguza ushahidi, na Januari 1907 akachapisha makala marefu katika Daily Telegraph akiruhusu magazeti mengine kuyachapa bila malipo. Mwezi Mei serikali ilitoa msamaha kwa kosa la kujeruhi mnyama, lakini ikakataa kumlipa Edalji fidia, ikidai kwamba alijiletea taabu mwenyewe. Doyle alikasirika sana. Hata hivyo Edalji alirudishiwa ruhusa ya uwakili, na kesi yake ilisaidia kusukuma sheria ya mwaka huohuo iliyounda mahakama ya rufaa ya makosa ya jinai nchini Uingereza. Septemba 1907, Doyle alipomuoa Jean Leckie, mwaka mmoja baada ya Louisa kufariki, Edalji alikuwa miongoni mwa waalikwa. Baadaye Doyle alipigania pia kesi ya Oscar Slater, aliyefungwa Scotland kwa mauaji mwaka 1909. Hukumu hiyo haikufutwa mpaka 1928.

Mwaka 1909 alichapisha The Crime of the Congo, kitabu cha kulaani mateso waliyotendewa Wakongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili kwa ajili ya mpira, na akazunguka Uingereza akihutubia. Ukimsoma leo utaona pengo: aliyaona kwa ukali maovu ya ukoloni wa Mbelgiji, lakini ukoloni wa nchi yake aliuamini. Usimfiche kasoro hiyo ukijibu swali kumhusu, wala usiitumie kufuta mema yake.

Mwanawe Kingsley alikufa mwaka 1918 kwa mafua, baada ya kujeruhiwa vitani. Doyle alikuwa amekwisha kuamini kwamba wafu huwasiliana na walio hai, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuhubiri imani hiyo. Aliamini hata picha za vijimalaika zilizopigwa na wasichana wawili, akaziandikia Strand, jarida lilelile la Holmes, mwaka 1920. Mtu aliyemfundisha msomaji kudai ushahidi alidanganywa na karatasi zilizokatwa kwa mkasi. Safari hizo za mahubiri zilimleta hadi Kenya katika ziara ya 1928 na 1929. Alifariki nyumbani kwake Crowborough tarehe 7 Julai 1930.

Hadithi zake ziliendelea kuzaa. Katika Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimuunda Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, akiwa na swahiba wake Najum. Riwaya ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960, na wahakiki huona kivuli cha Holmes ndani yake.

Huko London, jengo la kampuni moja ya fedha lililojengwa mtaa wa Baker Street miaka ya 1930 lilichukua eneo la nambari ya nyumba ya Holmes, 221B. Barua zikaanza kuja kutoka kila pembe ya dunia, watu wakimwomba mpelelezi awasaidie kutafuta kilichopotea au aliyepotea. Zilikuwa nyingi hata kampuni ikamweka mfanyakazi wa kuzijibu. Aliwaandikia kwa heshima kwamba Bw. Holmes amestaafu na sasa anafuga nyuki.